Miaka mitano ya rubani mzee ililipwa na kijana

Wahenga walinena kufa kufaana, na ni kazi chache ambamo usemi huo unaonekana wazi kama katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani. Huko rubani hapandi cheo kwa sababu anarusha ndege vizuri kuliko mwenzake. Anapanda kwa sababu aliyemtangulia ameondoka.

Kila shirika lina orodha moja ya marubani, na namba ya mtu humo inatokana na tarehe aliyoajiriwa. Namba hiyo ndiyo inayoamua atarusha ndege ya aina gani, atakaa kiti cha kapteni au cha msaidizi, kituo chake kitakuwa mji gani, na kama sikukuu ataila nyumbani au angani. Kazi zikipungua, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Akihamia shirika jingine, hata awe na uzoefu wa miaka 20, anaanzia mkiani na kwa mshahara wa mkiani. Mwenye kibanda akiona soko limelala, hufungasha bidhaa zake akaenda soko jingine. Mtaji wa rubani ni namba, nayo haifungashiki.

Tangu mwaka 1960, foleni hiyo ilisogea kwa kipimo kilichojulikana. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) haikuruhusu rubani wa mashirika hayo kuendelea baada ya kutimiza miaka 60. Kapteni wa ndege kubwa akistaafu, kapteni wa ndege ndogo alichukua kiti chake, msaidizi akawa kapteni, na huko chini kabisa mlango ukafunguliwa kwa mwajiriwa mpya. Mtu mmoja aliondoka, na kadhaa wakaongezewa mshahara.

Novemba 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilisogeza umri hadi 65. Marekani ilifuata Desemba 13, 2007, Rais George W. Bush alipotia saini sheria iliyoanza kutumika siku hiyohiyo. Foleni ikasimama. Hadi Desemba 2012, karibu hakuna kapteni aliyelazimika kuacha kiti kwa sababu ya umri.

Wazee walikuwa na hoja, na si ya kubezwa. Marubani wa US Airways walipoteza mpango wao wa pensheni mwaka 2003, na wa United mwaka 2005, mashirika hayo yakiwa mahakamani chini ya kinga ya mufilisi. Mtu aliyehesabu pensheni nono kwa miaka 30 akaambiwa atapokea sehemu tu. Kwake miaka mitano ya mshahara wa kapteni ilikuwa fidia.

Lakini fidia hiyo haikutoka kwa shirika lililovunja ahadi. Ilitoka kwa waliokuwa nyuma kwenye foleni, ambao hawakumdhulumu mtu. Na aliyetimiza miaka 60 siku chache kabla ya saini ile hakupata chochote. Aliruhusiwa kurudi kama mwajiriwa mpya tu, chini ya vijana aliowafundisha kazi.

Kisha ukaja mwaka 2008. Bei ya mafuta ilipita dola 140 kwa pipa, uchumi ukaanguka, mashirika yakaegesha ndege. United peke yake ilisimamisha marubani zaidi ya 1,000 bila mshahara. Si haki kuitwika sheria ya umri lawama yote, kwa kuwa mdororo ungewafikia hata hivyo. Ila huko juu hapakuwa na anayeondoka ili wa chini wapate pa kushika.

Watetezi hujibu kwamba kijana naye atakula miaka yake mitano mwishoni. Mkulima anajua kasoro ya hesabu hiyo. Fedha ya mbolea ikifika baada ya mavuno, si fedha ileile. Isitoshe, kapteni aliyevuka miaka 40 hupimwa afya kila miezi sita, na moyo au macho yakikataa, miaka aliyoahidiwa haipo tena.

Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kufikisha umri 67. Sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ikaliacha nje, na hilo lilikuwa jambo la busara. Kwa kuwa kipimo cha ICAO kilikuwa 65, kapteni wa miaka 66 asingeweza kurusha ndege kwenda ng'ambo. Angerudi kwenye safari za ndani, na kwa namba yake ya mbele angemwondoa mwingine kitini, naye amwondoe wa chini yake, kila mmoja akihitaji mafunzo mapya ya ndege mpya.

Pendekezo hilo likirudi, lije na sharti. Anayetaka kuendelea baada ya 65 na abaki, ila awe mkufunzi au msaidizi, na kiti cha kapteni akiachie anayefuata. Vyama vya marubani vitapiga kelele kwamba utaratibu wa foleni umevunjwa. Lakini bila sharti hilo, atakayelipa tena ni msaidizi mwenye umri wa miaka 38, ambaye bado anadaiwa mkopo wa masomo ya urubani.