Paka Hawakuporomoka Paani

Ati Waingereza husema mvua kubwa inanyesha paka na mbwa kwa sababu zamani wanyama hao walilala kwenye mapaa ya nyasi, mvua ikija wakateleza hadi chini! Hadithi hiyo, iliyosambaa kwa baruapepe mwaka 1999, bado wanafunzi wa Kiingereza wanalishwa kama historia.

Haisimami. Nyasi za paa hushindiliwa, maji yakatiririka juu yake. Paka gani angejilaza nje aloe?

Mwandishi Jonathan Swift, katika shairi la 1710, alieleza mvua ya London ikisomba watoto wa mbwa na paka waliokufa. Mwaka 1738 akautumia msemo wenyewe alipodhihaki mazungumzo ya wakubwa. Hata hivyo si yeye aliyeuanzisha: Richard Brome, mwandishi wa tamthilia wa karne ya 17, alishataja mvua ya mbwa na vicheche. Asili haijathibitishwa, na mwalimu anaweza kulisema hilo darasani bila aibu.