Buni na Kahawa: Shamba na Kikombe

Mwezi huu tutazame neno ambalo mama wa sehemu za kahawa hulisikia kila msimu, na ambalo asipolielewa vizuri huweza kupoteza sehemu ya ada ya watoto. Neno hilo ni buni.

Kwanza tulitenganishe na wenzake. Mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka. Mbuni pia ni mtu anayebuni jambo jipya. Hao si ukoo wa neno letu. Mbuni wetu ni mti wa kahawa, ikiwa mingi ni mibuni, na zao lake ni buni, kama mnazi unavyozaa nazi.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, ambao punje za kahawa huziita bunn. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, huko Ethiopia, ambako ndiko asili ya mti wa arabika, watu husema buna mpaka leo, iwe ni punje au ni kinywaji.

Kahawa nayo imetokana na neno la Kiarabu qahwa. Zamani neno hilo lilikuwa pia jina mojawapo la divai. Katika karne ya 15 Masufi wa Yemen walikinywa kinywaji cha buni ili wasisinzie katika ibada zao za usiku, nacho kikaitwa qahwa. Waturuki wakasema kahve, na kutoka kwao jina likaenea Ulaya.

Sisi tuliyapokea maneno yote mawili: buni kwa kile kinachotoka shambani, kahawa kwa kile kinachoingia kikombeni. Siku hizi kahawa limemeza yote, mti, tunda na kinywaji. Lakini Wahaya na Waganda hawakungoja neno la wageni. Wao walitafuna robusta iliyochemshwa na kukaushwa tangu zamani, na wana neno lao wenyewe: amwani kwa Wahaya, emmwanyi kwa Waganda.

Sasa tufike mahali panapotuhusu mfukoni. Katika viwanda vya ushirika nchini Kenya, neno mbuni lina maana yake ya pekee: ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kumenywa. Matunda mekundu yaliyoiva sawasawa humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Yale mabichi, yaliyoiva kupita kiasi, yaliyoanguka au yenye ugonjwa huanikwa yalivyo, yakawa mbuni. Bei yake huwa ya chini. Kagera ni tofauti: huko kuianika robusta pamoja na ganda lake ndiyo desturi, nayo huitwa kahawa ya maganda.

Basi, mama, ikiwa unauza arabika, kumbuka haya. Chuma matunda mekundu tu, hata kama itakubidi kuurudia mti uleule mara kadhaa. Yapeleke kiwandani siku hiyohiyo, maana yakilala kwenye gunia huanza kuchacha ovyo. Chambua kabla ya kupima. Halafu isome stakabadhi yako: kilo za matunda mabivu ziandikwe mahali pake, na kilo za mbuni mahali pake. Usiyemjua kusoma mwombe mwanao akusomee papo hapo, kabla hujaondoka kwenye mizani. Kumbuka kwamba kilo 6 hadi 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Kila debe ni jasho lingi.

Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechuma na kuchambua, na baba ndiye anayepokea malipo. Ni vizuri wote wawili wakae mezani, waisome ile karatasi pamoja, na wakubaliane juu ya fedha kabla hazijatumika. Kikombe cha kahawa kiwepo hapo katikati.