Mwacheni Mama wa Nyanya Akae

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Ilula aliwasimanga akina mama wanaoshinda barazani jioni "wakitazama milima tu". Akafunga na ule msemo uliozoeleka: akili isiyo na kazi ni karakana ya shetani. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na hadi naandika haya bado nimekereka.

Akina mama hao huamka kabla ya jogoo, huchuma nyanya, hujaza matenga, kisha husimama kando ya lami wakivutana bei na madalali mpaka jua la utosi. Jioni mmoja ananyoosha miguu. Hawazi ada, hawazi dawa ya shamba, hawazi lolote. Huyo ndiye fundi wa shetani?

Nitajieni uovu mmoja uliotungwa na mtu asiyewaza kitu. Wizi unataka hesabu. Fitina inataka kumbukumbu kali. Aliyebuni lumbesa hakuwa amepumzisha kichwa. Alikisumbua haswa, akagundua kwamba ukishonea wavu juu ya gunia la vitunguu, mkulima atakupa gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, viongozi hukemea kila msimu, na magunia yenye vichuguu bado yanapakiwa mchana kweupe. Anayemtafuta shetani Ilula aanzie hapo, kwenye akili zinazofanya kazi usiku na mchana.

Wengine wanasema ukiiacha akili wazi, mapepo huingia. Basi na usingizi upigwe marufuku, maana kila usiku wilaya yetu nzima ya Kilolo inalala akili ikiwa wazi, na wahubiri wamo.

Maandiko yenyewe yanawakataa. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, alilala chini ya mretemu. Malaika hakumwita mvivu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo akamwambia habari ya safari.

Wataalamu nao wameliona. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake, hata ukiwa umetulia. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi pale mtu anapoachana na shughuli za nje. Kwa hiyo mama anayetazama milima hajazima kichwa; amekiachia kifanye yale ambayo kelele za sokoni zilikizuia.

Kwa muda mrefu nchi yetu, Tanzania, imewaogopa watu waliokaa tu. Kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, watu walikamatwa mijini wakaitwa wazururaji, wakapelekwa mashambani. Leo sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 na mapumziko ya saa 1 anapofanya kazi zaidi ya saa 5. Mama wa nyanya hana mwajiri wa kumdai hata dakika moja. Likizo yake yote ni kile kipande cha jioni barazani, na ndicho tunachotaka kumnyang'anya kwa jina la Mungu.

Mhubiri akitaka kupambana na shetani, Jumapili ijayo ahubiri lumbesa. Madalali nao husali kanisani humo humo.