Tundu Si Pambo la Sebule

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuuliza anunue tundu la namna gani. Bintiye amefaulu mtihani na ameahidiwa kokateli, yule kasuku mdogo wa kijivu mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa. Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, kwani sisi tulinunua kwanza.

Tundu letu la mwanzo lilikuwa la mviringo, lenye kuba juu, rangi yake ya dhahabu ikilandana na mapazia. Tulilichagua kama mtu achaguavyo taa. Haikupita miezi mingi mkia wa ndege ukachakaa kwa kusuguana na fito kila alipogeuka. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika, paka akapita dirishani, na ndege akapapatika kwa fazaa asione pa kukimbilia. Tulipomulika kwa simu tukaona damu kwenye bawa. Alipona, alhamdulillahi. Tundu lile sasa lina chungu cha maua.

Kokateli ana urefu wa kiasi cha sentimita 30, na karibu nusu yake ni mkia. Kwao ni Australia, ambako makundi yake huvuka nyika kavu kutafuta mbegu na maji. Ndege huyu huruka kwenda mbele, kwa hiyo upana wa tundu una faida kwake kuliko kimo, ingawa madukani mengi huwa marefu na membamba. Kwa ndege mmoja lisipungue upana wa sentimita 60, kina cha 45 na kimo cha 60. Likizidi hapo ni kheri. Akunjue mbawa zote mbili asiguse upande wowote.

Nafasi baina ya fito iwe sentimita moja na nusu hivi, isifike 2, asije akapenyeza kichwa kikanasa. Baadhi ya fito zilale, kwa kuwa hupanda kwa mdomo na miguu.

Wengi wetu tutakwenda kwa fundi wa kuchomelea, na si vibaya, ila tuitazame waya anayotumia. Waya ya mabati imepakwa zinki, na kokateli huguguna mchana kutwa. Zinki na risasi ni sumu kwake. Chuma cha pua ndicho bora, japo bei yake inauma. Rangi inayobanduka kwa ukucha ikataliwe pale pale dukani. Vijiti vya kutulia visiwe vyote laini na vya unene mmoja, kwani huumiza nyayo. Tawi la mpera lililooshwa vyema latosha.

Sasa mahali pa kuliweka, na hapa huenda tukawaudhi baadhi. Jikoni hapafai: sufuria isiyogandisha chakula ikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege kwa dakika chache. Na udi wetu? Mapafu ya ndege hayastahimili moshi. Sisi siku ya kufukiza humhamishia chumba cha mbali na kufunga mlango, na hatumrudishi mpaka moshi uishe. Usiku tunamwachia taa ndogo isiyotegemea umeme wa ukutani. Na kabla ya kumtoa tunduni aruke chumbani, jambo ambalo anahitaji kila siku, pangaboi huzimwa kwanza.

Wapo watakaosema haya yote ni makuu kwa kindege cha gramu 90. Masheikh hutaja kisa cha mtoto Abu Umayr na kindege chake kuwa ni dalili ya ruhusa ya kufuga. Anayekitaja hicho na akumbuke pia kile cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Kokateli aliyetunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Binti huyu huenda akaolewa na ndege angali pale, na mama ndiye atakayebaki akibadilisha maji. Basi kabla ya kwenda dukani, mama achukue futi ya kupimia, atafute pembe yenye mwanga, isiyopigwa na jua kali wala upepo mkali, inayoenea tundu la vipimo tulivyotaja. Ikikosekana, binti apewe zawadi nyingine mwaka huu.