Si kila mpenda usafi ni mgonjwa, wala si kila mgonjwa ni mkaidi

Limezuka neno katika mazungumzo ya wanafunzi wetu wa vyuo na wa shule za upili. Mmoja wao akipanga vitabu vyake kwa urefu, au akikataa kuketi kabla ya kukipangusa kiti, wenzake humwambia kwamba ana OCD, naye hukubali kwa kicheko. Herufi hizo tatu, ambazo kwa jirani zetu wa Tanzania ni cheo cha mkuu wa polisi wa wilaya, ni kifupisho cha jina la Kiingereza la maradhi ya akili. Ni maradhi yanayomtawala mtu kwa mawazo asiyoyataka na kwa vitendo asivyoweza kuviacha. Mimi si daktari; kazi yangu ni lugha. Lakini jina la ugonjwa linapogeuzwa mzaha na wenye afya, ilhali wagonjwa wenyewe wamekosa jina la kuuitia, mwanaisimu naye ana la kusema.

Yapo makosa mawili hapa, na kila moja hulizaa jingine. Kosa la kwanza ni kuziita tabia za kawaida ugonjwa. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kuuita ugonjwa tabia. Kijana anayetaabika akisikia kila mpenda usafi akijiita mgonjwa, huamini kwamba yake pia ni mazoea tu, na kwamba asipoweza kuyaacha basi yeye ni dhaifu. Wazazi na walimu wake humwita mkaidi, mzembe au mwenye maringo. Wengine humpeleka kwa mganga. Hapana hata mmoja wao anayemuuliza anachokiona moyoni.

Wahenga walisema kila mtoto na koja lake. Yuko mtu asiyeweza kulala kabla ya kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Yuko mwalimu asiyesahihisha ila kwa kalamu ile ile. Yuko mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani kwa shati analoliona kuwa la bahati. Hata mawazo ya ajabu si ya wagonjwa peke yao. Mwaka 1978 wataalamu Stanley Rachman na Padmal de Silva walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takriban watu wanane katika kila kumi wasio wagonjwa hujiwa na mawazo wasiyoyataka: kumsukuma mtu, kumdhuru mpendwa, au kutamka neno la aibu mbele ya watu. Mawazo hayo yalifanana na ya wagonjwa. Tofauti ilikuwa kwamba mtu mwenye afya huyapuuza yakapita, lakini mgonjwa huyachukua kuwa ushahidi wa ubaya wake, akaanza kupigana nayo. Na kadiri anavyopigana nayo ndivyo yanavyorudi.

Basi mpaka uko wapi? Haumo katika kitendo chenyewe. Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, sote tulinawa mikono mlangoni mwa kila duka, benki na kanisa. Lau kunawa mara nyingi kungekuwa ndiko ugonjwa, taifa zima lingehitaji matibabu. Lakini tulinawa kwa sababu iliyo wazi, tukaridhika, tukaendelea na shughuli zetu. Na hatari ilipopungua, wengi wetu tuliacha. Mgonjwa hunawa asiridhike. Macho yake yanaona kwamba mikono ni safi, ila moyo unakataa kuyaamini macho.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumiwa na wataalamu wengi duniani, unaueleza mpaka huo kwa namna ambayo hata asiye daktari anaweza kuielewa. Huuliza kama mawazo na vitendo hivyo vinakula muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa moja kila siku, au vinamletea mtu dhiki kubwa, au vinamzuia kusoma, kufanya kazi na kuishi na wenzake. Anayekagua mlango mara mbili kisha akalala ana mazoea. Anayeukagua mara arubaini, akachelewa shuleni kila asubuhi na kulia njiani kwa kujichukia, ana ugonjwa.

Lugha yenyewe hutusaidia kuuona mpaka huu, iwapo tutasikiliza kwa makini. Mwenye mazoea husema: 'Napenda kupanga vitu vyangu.' Yeye ndiye mtendaji, na kitendo kinampa furaha. Mgonjwa husema: 'Wazo limenishika, haliniachi.' Hapo wazo ndilo mtendaji, na mtu ametendwa. Hafurahii kile anachokifanya. Hutafuta nafuu tu, na nafuu hiyo haidumu. Mwalimu atakayetega sikio asikie nani ni mtendaji katika sentensi za mwanafunzi wake atakuwa ameanza kuelewa.

Wapo wanaodai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu yaliyoletwa na vitabu. Dai hilo halina msingi. Neno letu wasiwasi, ambalo leo tunalitumia kwa hofu ya aina yoyote, lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni mnong'ono unaoingia moyoni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na nafsi, akautenga wasiwasi wa namna hii na hasira, huzuni na hofu. Miongoni mwa Waislamu, mwenye wasiwasi anajulikana tangu zamani: ni yule anayerudia kutawadha na kuanza sala upya kwa shaka isiyokwisha. Wakristo nao wanalo la kukumbuka. John Bunyan, mwandishi Mwingereza ambaye kisa chake cha safari ya msafiri kimesomwa sana kwa Kiswahili, alieleza mwaka 1666 jinsi alivyoandamwa na mawazo ya kukufuru ambayo aliyachukia kwa roho yake yote.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata tiba ina mizizi ya kale. Wanazuoni wa fikihi wana kanuni isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kwa hivyo humshauri mwenye wasiwasi asirudie udhu, bali aipuuze shaka yake na kuendelea. Mwaka 1966 Victor Meyer alichapisha mjini London habari za wagonjwa aliowatibu kwa kuwakaribisha kwenye kile walichokiogopa na kuwazuia wasifanye kile kitendo cha kujituliza, hadi hofu ikapungua yenyewe. Njia hiyo iliboreshwa na ingali tegemeo la matibabu hadi leo. Hufanywa hatua kwa hatua, kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa uongozi wa mtaalamu. Haifanywi kwa viboko wala kejeli. Ziko pia dawa ambazo daktari anaweza kuziagiza, nazo huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu.

Kwa nini basi nawaandikia walimu na wanafunzi? Ni kwa sababu maradhi haya aghalabu huanza utotoni, katika ujana au mwanzoni mwa utu uzima, yaani wakati ambapo mtu yumo darasani. Mwalimu huwa anayaona pasipo kuyatambua: daftari lililotoboka kwa kufutwafutwa, mtahiniwa mwerevu asiyemaliza karatasi kwa kuwa anasoma swali moja mara kumi, mikono iliyopasuka kwa sabuni, mtoto anayeuliza 'Una hakika, mwalimu?' na kupewa jibu, kisha akauliza tena. Mtoto kama huyu akichapwa au akichekwa, hajifunzi kuacha, hujifunza kuficha. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anayeficha zaidi ni yule ambaye ugonjwa wake ni wa mawazo matupu. Kijana anayejiwa na wazo la kumdhuru mdogo wake hawezi kulitamka, kwa kuwa anadhani litamfanya aonekane muuaji. Ukweli ni kwamba mawazo ya ugonjwa huu humtesa kwa sababu yanapingana na kile anachokipenda na kukiamini. Laiti angejua hivyo, angelia kidogo na kuomba msaada mapema.

Huenda mwalimu akalalamika kwamba sasa anatakiwa kuwa daktari juu ya kazi nyingi alizo nazo. La hasha. Kazi ya kuthibitisha ugonjwa ni ya daktari, na mwalimu asithubutu kumbandika mwanafunzi jina la maradhi mbele ya wenzake. Kazi yake ni kuona, kuuliza faraghani, kuzungumza na mzazi na kuwaelekeza hospitalini. Sheria ya afya ya akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Wajibu ulioandikwa hautatimizwa pasipo watu kuudai, wala hatuwezi kudai tiba ya jambo ambalo hatujalipa jina.

Ndiyo maana napendekeza tuuite ugonjwa huu wasiwasi wa shuruti. Waarabu wa leo huuita kwa jina lenye maana hiyo hiyo, na maneno yote mawili ni yetu tangu zamani. Neno wasiwasi peke yake halitoshi, kwani humfanya kila mtu amwambie mgonjwa 'Usiwe na wasiwasi', kana kwamba ni jambo la hiari. Shuruti ndiyo inayoutenga ugonjwa na mazoea. Wataalamu wa istilahi wakiwa na jina bora zaidi, na walilete. Bora liwe jina ambalo nyanya kijijini atalielewa mjukuu wake akimweleza kinachomsibu.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kupanga vitabu vyenu kwa urefu mkipenda. Huo ni unadhifu, nao hauhitaji jina la hospitali. Liacheni jina hilo kwa mwenzenu wa kitanda cha pili bwenini, anayeamka saa tisa za usiku kwenda kunawa mara ya ishirini, akiomba pasiwe na mtu wa kumwona. Mkimwona, msimcheke. Muulizeni kama anaweza kuacha.