Huruma kwa bunduki, mtoto je?

Wadau, kazi hii ya gazeti hunikutanisha na mambo! Juzi nimesoma habari za Wamarekani wanaopenda bunduki za kale, Mosin-Nagant ya 1891, Lee-Enfield na wenzake. Za kiwandani zinatoka kwa kasi ya mita 700 na zaidi kwa sekunde. Wao hawazitaki. Wanayeyusha risasi wenyewe, wanamimina kwenye kalibu, wanapunguza baruti. Bega haliumii, na chuma cha miaka mia hakichoshwi.

Mimi nawaunga mkono. Kitu kizee hutunzwa kwa kutumiwa taratibu.

Ila Kiswahili chetu kina siri. Madini ni risasi, na kinachotoka kwenye mtutu ni risasi. Yote mawili hudhuru! Madini hayo huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, kwa hiyo hata jiko la nyumbani linatosha. Vumbi lake hubaki mikononi na kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huathirika zaidi.

Tusiwacheke. Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Hoja yangu ni hii: anayeyeyusha risasi, iwe ya bunduki au chubwi ya nyavu, akayeyushie nje, mbali na jiko la chakula. Anawe, abadili nguo, ndipo ampakate mwanawe.

Au nakosea? Karibuni tujadili.