Karakana ya Nyumbani: Injini Ndogo Inapozidi Joto



 Mwezi huu tumeazimia kuijibu barua ya mama mmoja wa Coventry. Jambo aliloliuliza ni la mchezo, lakini nyumba nzima imekwisha kununiana kwa ajili yake.

Mama huyo anaeleza kuwa mumewe, ambaye hufanya kazi ya usiku katika ghala, alidunduliza fedha za saa za ziada akamnunulia mwana wao wa miaka 14 gari dogo la kuongozwa kwa rimoti, lile liendeshwalo kwa injini ya nitro, si kwa betri. Mwezi wa Julai baba na mwana walikaa pamoja wakalirekebisha, likakimbia vyema kiangazi chote. Kila Jumapili walitoka nalo, na mama anasema hizo ndizo saa pekee za juma ambapo kijana alizungumza Kiswahili na babake bila ya kuombwa. Mwishoni mwa Oktoba gari likabadilika. Likikimbia dakika chache huishiwa nguvu, hupata moto mno, kisha huzimika na kukataa kuwaka mpaka lipoe. Baba alikata shauri kwamba, kwa kuwa sindano za kabureta waliziacha zikiwa sawa, basi lazima kuna mkono uliozigusa. Na mkono huo ni wa mtoto. Mtoto anakana. Baba akaibana sindano ili injini isinywe mafuta mengi, na mambo yakazidi kuharibika. Sasa gari limo kabatini, na Jumapili imekuwa siku kama siku nyingine. Mama anauliza: "Je, injini hii imekufa? Na ni nani aliyeiua?"

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba yaelekea injini haijafa, na yaelekea vilevile kwamba mtoto hakuigusa. Tutafafanua.

Injini hii ni ya mipigo miwili. Haina rejeta ya maji, wala haina mahali pa kuwekea oili. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, vyote katika chupa moja. Waliokulia Pwani watazikumbuka mashine za mashua ambazo petroli yake ilichanganywa na oili kabla ya kutiwa tangini. Mambo ni yale yale. Oili ipitayo pamoja na mafuta ndiyo inayoilainisha pistoni ndani ya silinda, na mafuta yenyewe huchukua sehemu ya joto na kutoka nalo. Injini hizi huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kwa hiyo mafuta yakipungua, madhara huja mawili kwa mpigo: joto huongezeka, na oili ya kuistahimili hupungua.

Sasa tuitazame hewa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Mchana wa Julai wenye nyuzi 28 za Selsiasi na asubuhi ya vuli yenye nyuzi 8 hutofautiana takriban asilimia 7 kwa uzito wa hewa iliyomo katika nafasi ile ile. Sindano iliyowekwa Julai huendelea kutoa mafuta ya Julai, ilhali injini inavuta hewa ya Oktoba iliyo nzito zaidi. Mchanganyiko huwa mkavu, yaani hewa ni nyingi na mafuta ni machache, bila ya mtu yeyote kugusa kitu. Baba alipoibana sindano, kwa nia njema kabisa, aliyapunguza mafuta yaliyokuwa yamekwisha kupungua. Tusimlaumu. Nasi tuliwahi kuibana sindano ya injini yetu kwa kuupenda mlio wake mkali, mpaka mkono wa pistoni ukakatika, au kama wasemavyo mafundi wa nyumbani, injini ikanoki.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba injini yenye mafuta machache na yenye mafuta mengi zote huishiwa nguvu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Yenye mafuta mengi hutoa moshi tele, hukoroma, na huwa nzito kushika kasi. Yenye mafuta machache haitoi moshi wa kuonekana. Hulia kwa sauti kali na nyembamba, kisha hukatwa pumzi mwishoni mwa mbio. Na mkiachia mafuta, huendelea kuzunguka kwa kasi kabla ya kutulia. Mkiifungua plagi yake, aghalabu mtauona uzi wake umepindika au umekatika.

Kabla ya kushika bisibisi, kagueni haya. Chujio la mafuta lisiwe limeziba. Mipira ya mafuta isiwe na ufa, na mfuniko wa tangi ufunge barabara. Kabureta isilegee shingoni, kwani hewa ikipenya hapo hakuna sindano itakayofaa. Magurudumu yazunguke bila ya breki kuyashika, na meno ya gia yasibanane. Bodi ya plastiki nayo iwe na tundu la kutosha juu ya kichwa cha injini ili upepo upite. Tieni plagi mpya, kwa kuwa ya zamani imekwisha kuungua.

Baada ya hayo, itafuteni sindano ya kasi, ambayo ndiyo ipimayo mafuta gari linapokimbia. Iwekeeni alama kwa kalamu mjue ilipokuwa, kisha ifungueni robo mzunguko, kinyume cha mwendo wa saa. Washeni injini, iendeni polepole dakika chache mpaka ipate moto wake wa kawaida. Injini baridi hairekebishiki. Kisha likimbizeni gari kwa kasi mara mbili tatu katika njia iliyonyooka. Likitoa moshi mwingi na kukoroma, ibaneni sindano kidogo mno, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale wa saa unapotoka tarakimu moja kwenda ya pili. Kimbizeni tena mara mbili tatu kabla ya kuigusa upya. Haraka haraka haina baraka, na hapa haraka hugharimu injini.

Simameni pale gari linaposhika kasi vyema huku likiacha nyuma yake mstari mwembamba wa moshi. Msitamani kuongeza hata chembe. Bali rudisheni sindano nyuma kwa kipimo kile kile kimoja, iwe akiba. Moshi ule ni ushahidi kwamba oili inapita. Ukitoweka, punguzeni kasi mara moja.

Ama sindano ya pili, ya mwendo wa chini, irekebisheni mwisho. Injini ikiwa na moto wake na ikinguruma bila ya gari kwenda, ubaneni kwa vidole mpira wa mafuta karibu na kabureta. Ikiendelea kwa sekunde 2 hadi 4, ikapandisha mlio kidogo kisha ikazimika, iko sawa. Ikizimika papo hapo, mafuta ni machache, basi fungueni kidogo. Ikichukua muda mrefu zaidi, baneni kidogo.

Kuhusu joto lenyewe, kipimajoto cha miale kikielekezwa penye plagi, injini nyingi za aina hii huonyesha baina ya nyuzi 95 na 125. Asiye na kipimajoto adondoshe tone moja la maji juu ya kichwa cha injini. Likichemka na kukauka kwa sekunde tatu hadi tano, hali ni nzuri; likitoweka mara tu lilipogusa, izimeni kwa kuubana mpira wa mafuta, na iacheni ipoe yenyewe. Msiimwagie maji. Na msiifuate namba peke yake: asubuhi ya baridi kipimajoto chaweza kuonyesha nyuzi za kupendeza hali mchanganyiko ni mkavu. Moshi na mlio ndio mashahidi wa kwanza.

Tunawasihi pia wazazi wakumbuke kuwa methanoli ni sumu. Ikinywewa huweza kupofusha macho na hata kuua, na moto wake ni vigumu kuuona mchana. Iwekeni katika chombo chake chenye maandishi, kamwe si katika chupa ya soda, na msiwashe injini ndani ya nyumba wala gereji iliyofungwa. Hapa Uingereza mafuta yenye nitromethani nyingi huhitaji leseni, kwa hiyo ulizeni dukani kabla ya kununua.

Sasa tunasema na baba, ambaye mkewe ametuahidi kumsomea ukurasa huu. Litoeni gari kabatini. Nunueni daftari dogo, na kila mtokapo kijana aandike, kwa Kiswahili, tarehe, baridi au joto la siku hiyo, sindano ilipo, na injini ilivyolia. Bisibisi aishike yeye, wewe uwe wa kuhesabu. Majira yakibadilika mtalifungua daftari na kuona la kufanya, na hapatakuwa na haja ya kumshuku mtu.

Lakini kabla ya kuwasha injini, tunakuomba uanze na neno moja kwa mwanao: kwamba ulimdhania vibaya. Sisi tulio ugenini tunao watu wachache wa kusema nao lugha yetu, na mmoja wao amenyamaza nyumbani mwako tangu Oktoba. Mzazi hapungukiwi na heshima kwa kumwambia mwanawe kwamba alikosea.

Wengine wenye injini zinazowasumbua, kubwa kwa ndogo, watuandikie kama alivyofanya mama huyu. Nasi tunamwomba atujulishe Jumapili ya kwanza ilikuwaje, moshi ulionekana au haukuonekana. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na safari salama barabarani.